Aliyeongoza kwa kura ndiye aliyetoka

Mhariri,

Mwandishi wenu anasema chama cha Kijani kiliibuka cha kwanza katika uchaguzi wa Baden-Württemberg, jimbo la Ujerumani, mwaka 2011. Hapana. Machi 27 CDU, chama cha kihafidhina kilichokuwa madarakani, ilipata asilimia 39, Kijani 24, na SPD, chama cha demokrasia ya kijamii, 23. Kilichoiangusha CDU ni viti: Kijani 36 na SPD 35 wakaungana, 71 dhidi ya 67 vya CDU na mshirika wake FDP, chama cha kiliberali. Vinne tu! Utawala wa miaka 58 ukaishia hapo, na Mei Winfried Kretschmann akaapishwa, Mkijani wa kwanza kuongoza serikali ya jimbo Ujerumani. Wiki mbili kabla ya kura, mtambo wa nyuklia wa Fukushima, Japani, ulikuwa umelipuka. Stefan Mappus wa CDU, aliyekuwa kiongozi wa jimbo na mtetezi wa nyuklia, siku hazikuwa zake. Naomba msahihishe.

Msomaji wenu,
Tanga