Roboti ya kiharusi isimtangulie mtafiti wake

Mhariri,

Naomba nafasi niseme neno kuhusu makala iliyotoka katika gazeti lako, iliyoshauri hospitali za Kanda ya Ziwa zinunuliwe roboti za kuwafanyisha mazoezi watu waliopata kiharusi. Aliyeandika ana nia njema. Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma hapa Igogo, Mwanza. Udaktari sikusoma, lakini jambo hili limekaa nyumbani kwangu tangu baba yangu alipoanguka, na naona tunataka kuanzia mwisho.

Baba alishona nyavu za sangara Mwaloni, Kirumba, kwa zaidi ya miaka thelathini. Kiharusi kilimpata alfajiri moja mwaka 2021, kikachukua mkono wa kulia na maneno mengi. Waliompokea walimwokoa, nawashukuru mpaka leo. Mazoezi ya baadaye, katika kituo ambacho sitakitaja, ndiyo yalitushinda. Mtaalamu mmoja, benchi limejaa, na sisi tumebadilisha daladala mbili kumfikisha mzee. Alipewa mpira wa tenisi, akaubana mara kumi, tukarudi nyumbani.

Nikaona nifanye ninachokijua. Nilichomelea skwea paipu, nikaweka kibao juu ya beringi nne za pikipiki, nikafunga springi ya kuuvuta mkono mbele mpaka kwenye kikombe. Mkono ulikwenda kama umepakwa mafuta. Majirani walikuja kutazama. Miezi miwili baba alikitumia kila asubuhi, na siku niliyokiondoa kile kibao, mkono ulilala mezani kama siku ya kwanza. Usiku ule sikulala.

Mteja wangu mmoja ndiye aliyenikutanisha na binti mtafiti. Alianza na uhandisi wa mitambo, kisha akasomea neurosayansi ya utambuzi, yaani namna ubongo unavyofikiri, unavyokumbuka na kuamua, na utafiti wake ni jinsi mwili unavyojifunza kutenda. Yeye ni Mhaya, lakini aliingia na salamu ya Kisukuma, "Mwangaluka, baba," hata mzee akatabasamu kwa upande ule uliobaki. Alikizungusha kibao, akaivuta springi kwa kidole, akaniambia: "Fundi, kazi yako ni safi. Ila hii inamfanyia baba kila kitu. Mkono hauna nafasi ya kukosea, na usipokosea ubongo hauna cha kurekebisha."

Sikumwelewa. Akaomba kipande cha tyubu ya baiskeli, akamfunga baba kwenye mkono wa kushoto, ule mzima, akawa anauvuta pembeni huku akimwambia aguse kikombe. Mara za mwanzo mkono ulipinda kuelekea dirishani. Baada ya mara kama ishirini ukanyooka. Hapo akaiachia tyubu ghafla, na mkono wa baba ukaenda upande wa pili, ukaangusha kikombe. Baba, ambaye neno moja lilimchukua dakika nzima, akasema: "Kasia."

Kila aliyekulia ziwani atamwelewa. Ukipiga kasia huku upepo wa ubavuni unakusukuma, mkono huzoea kuukataa. Upepo ukikatika, mtumbwi unageuka upande mwingine, maana mkono bado unapingana na upepo usiokuwepo. Binti alituambia kuwa mwaka 1994 Reza Shadmehr na Ferdinando Mussa-Ivaldi walilipima jambo hilo hilo Marekani. Walitumia mkono wa roboti uliosukuma mikono ya watu wazima wenye afya, na waliporuhusu mikono iende bila kusukumwa, ilipinda kinyume. Ubongo ulikuwa umejifunza ile nguvu na kuijibu kabla haijaja. Kwa hiyo roboti pale ilikuwa kipimo, chombo cha kuuliza ubongo swali, na anayejua kuuliza ni mtu.

Tulianza upya. Kila wiki tuliilegeza springi kidogo, tukauacha mkono utetemeke na kukosea. Ilikuwa vigumu kwangu kumtazama mzee akikosa kikombe mara saba, nane, bila kumsaidia. Halafu binti akaondoa kikombe, akaniambia nilete wavu uliochanika, baba aushone. Nilihesabu kwa nati: fundo moja, nati moja kutoka kopo hili kwenda lile. Siku ya kwanza nati 11. Kufikia mwezi wa nne wa mazoezi, baba alikuwa anavuka 150 kwa siku, akipumzika katikati. Nilipomwambia binti, alinieleza kuwa mwaka 2009 watafiti waliohesabu vipindi vya mazoezi ya wagonjwa wa kiharusi Marekani na Kanada walikuta wastani wa mara 32 tu za kufanya kazi halisi kwa mkono katika kipindi, na katika karibu nusu ya vipindi vya mkono hata hizo hazikufanyika. Ina maana shida ya benchi letu wanayo hata wenye vifaa vyote.

Na hizo roboti zenyewe? Uingereza walizijaribu kwa watu 770, matokeo yakatoka mwaka 2019: mikono haikupona zaidi kuliko ya waliopata huduma ya kawaida. Sisemi hazifai. Huenda zikamfaa mgonjwa fulani, kwa kipimo fulani. Lakini nani hapa Mwanza atakayejua ni mgonjwa yupi, na springi ilegezwe lini?

Hapa ndipo penye uchungu wangu, Mhariri. Yule binti aliomba kazi ofisi moja akaambiwa yeye ni mhandisi, aende kwa wahandisi. Kwa wahandisi akaambiwa mambo ya ubongo ni ya madaktari. Fomu ilikuwa na nafasi ya kada moja, na yeye anasimama katikati ya mbili. Sasa yuko Dar es Salaam, anatengeneza programu za simu za kampuni ya mikopo. Wenzetu wamekwishalitatua hili. Daniel Wolpert alisomea udaktari, na mwaka 2005 chuo kikuu cha Cambridge kikampa uprofesa wa uhandisi, akiwa anatafiti jinsi ubongo unavyoongoza mwendo.

Mwanza tuna hospitali ya rufaa na chuo kikuu cha afya pale kilimani Bugando. Tuna kampasi ya DIT, Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, inayofundisha teknolojia ya ngozi, na mikanda ya kushikilia kiganja ni ngozi. Tuna mafundi Igogo na Mabatini. Naomba wahusika, kabla hawajaagiza roboti hata moja, wafungue nafasi moja ya ajira kwa mtafiti wa namna hii, kada yake iandikwe hata kwa kalamu ya mkono, awe na siku zake wodini na siku zake karakana.

Baba sasa anafunga vifungo vya shati na kushona wavu polepole. Kibao kiko karakana kwangu, pamoja na mchoro wenye vipimo vyote na daftari la nati. Mwenye mgonjwa, au mwalimu wa chuo anayetaka kukipima, aje akichukue. Simtozi.

Fundi wa kuchomelea,
Igogo, Mwanza