Barua kutoka London: mwaka 1967 na masharti yake

Mpwa wangu mpendwa,

Salamu nyingi. Huku hatujambo, ila baridi bado imetuganda. Ujumbe wako kuhusu kipindi chenu cha redio cha Uingereza ya 1967 nimeupata. Nimeona heri nikuandikie kuliko kukutumia sauti ndefu zitakazokula bando lako.

Wengi wanaotengeneza vipindi vya mwaka ule huweka maua, nywele ndefu na magitaa, basi wamemaliza. Ninyi msiishie hapo. Uhuru wa mwaka ule ulipita Bungeni, na kila sheria ilitoka na masharti yake. Mkiyaruka, mtawapotosha wasikilizaji.

Anza na redio, maana ndiyo kazi yenu. BBC ilikuwa na makubaliano na makampuni ya santuri na chama cha wanamuziki: muda wa kupiga santuri kwa siku una kikomo. Muda uliobaki ulijazwa na bendi za studio zikipiga nyimbo za watu wengine, na kijana hadanganyiki kwa hilo. Ndiyo maana tangu 1964 meli zilizokuwa na vituo vya redio ndani yake, kama ya Radio Caroline, zilipata wasikilizaji wengi. Zilitia nanga nje ya maili 3 kutoka pwani, ambako sheria za Uingereza hazikufika, zikapiga santuri kutwa.

Serikali haikuzivamia. Ilizikatia riziki. Sheria iliyoanza usiku wa kuamkia 15 Agosti 1967 ilifanya kuwa kosa kwa Mwingereza kufanya kazi kwenye meli hizo, kuzipa matangazo ya biashara, au kuzipelekea chakula na mafuta. Radio London, nayo ya melini, ilijizima tarehe 14 saa 9 alasiri. Caroline ilikaidi, ikawa inahudumiwa kutoka Uholanzi, hadi Machi 1968 ilipokokotwa kwa sababu ya madeni. Tarehe 30 Septemba saa 1 asubuhi BBC ikafungua Radio 1 kwenye masafa ya kati, mita 247, na mtangazaji wa kwanza, Tony Blackburn, alitoka kwenye hizohizo meli! Kikomo cha santuri hakikuondoka, kwa hiyo bendi ziliitwa studio za BBC kurekodi upya nyimbo zao, na sehemu ya siku Radio 1 ilichangia vipindi na Radio 2. Rekodi hizo za studio leo watu wanazitafuta kwa udi na uvumba.

Mtataka pia kutaja matangazo ya setilaiti ya 25 Juni, yaliyounganisha mabara na kuwaonyesha bendi ya Beatles wakiimba kutoka studio za kampuni ya santuri ya EMI, barabara ya Abbey Road, London. Msiseme kila kitu kilipigwa palepale. Sehemu kubwa ya ala ilikuwa imesharekodiwa kwenye utepe. Sauti na baadhi ya vyombo ndivyo viliongezwa hewani. Hiyo ni busara ya fundi, maana chombo kimoja kikigoma mbele ya dunia nzima huna pa kurudi.

Sasa sheria. Ile ya kutoa mimba ililetwa na mbunge kijana, David Steel. Huyu alisoma Nairobi, shule ya Prince of Wales, ambayo siku hizi ni Nairobi School, baba yake alipokuwa mchungaji huko. Kule Bungeni wabunge wa kawaida hupigiwa kura ya bahati kupata nafasi ya kuleta muswada, naye alitoka wa 3. Miswada ya aina hiyo kwa kawaida hufa kwa kukosa muda: wapinzani huongea mpaka saa zinaisha. Huu ulipona kwa sababu serikali, iliyosema haina upande, iliupa muda wa ziada. Baada ya kukesha, Julai walipiga kura, 167 kwa 83. Uliidhinishwa 27 Oktoba 1967, ukaanza kazi 27 Aprili 1968. Mwanamke hakupewa uamuzi mkononi. Madaktari wawili walipaswa kukubaliana kwamba sababu zilizotajwa na sheria zipo. Ireland ya Kaskazini haikuhusika kabisa.

Sheria ya Julai iliyoacha kuwaadhibu wanaume wanaoshiriki mapenzi wao kwa wao nayo ilibanwa: faraghani, wote wametimiza miaka 21, England na Wales peke yake, wanajeshi hawamo.

Na kuna hili, ambalo wasikilizaji wa Nairobi na Mombasa watalielewa haraka kuliko wa hapa. Mwaka huohuo Kenya ilipitisha sheria ya uhamiaji iliyowataka wasio raia kuwa na vibali vya kazi. Wahindi wengi waliokuwa na pasipoti za Uingereza wakaanza kuja London. Bunge lilelile lililosifiwa kwa moyo mpana likapitisha kwa siku chache, 1 Machi 1968, sheria ya kuwazuia wenye pasipoti hizo wasio na mzazi wala babu au bibi aliyezaliwa au kuandikishwa uraia Uingereza. Wakuu wa familia wakawekewa vibali vya kuingia 1,500 tu kwa mwaka. Ningekuwa mimi, hapa ndipo ningetumia dakika nyingi, na maua ningeyapa wimbo mmoja wa kufungulia kipindi.

Kabla hamjarusha, nitumie maandishi niyapitie tarehe. Mpe bibi shikamoo yangu, na mama yako mwambie ile simu ya Jumapili iwe baada ya saa 2 usiku, mchana niko kazini.

Mjomba wako