Neema, ule ushauri wangu wa kalori za mazoezi, ngoja kwanza

Shosti,

Salama lakini? Huku Tabata wazima, watoto wamefungua shule, ada imenitoa roho, joto ndo usiseme. Mama mpe shikamoo yangu mwambie magimbi yalifika na yameshaliwa yote. Haya salamu zimeisha, maana kuna kitu kimenikaa kooni tangu jumapili.

Yani nisikie kwa Happy? Kwamba ulikuwa kwenye mazoezi yako ya mbio ukakaa chini barabarani kilometa ya kumi na ngapi sijui, macho giza, jasho la baridi, hadi mama wa genge akakufungulia soda yake mwenyewe, afu mimi unanikalia kimya, toka krismasi sijapata kwako kitu zaidi ya zile stika za asubuhi njema zenye maua. Nikamuuliza Happy alikuwa amekula nini huyo kabla ya kutoka, akasema chai ya rangi. Na usiku wake? Tango na yai moja. Nikasema huyu ana akili kweli, Happy akanijibu "si wewe ndo ulimwambia."

Nilinyamaza. Kwa sababu ni kweli nilikwambia. Nakumbuka hadi nilipokuwa nimesimama, Buguruni nasubiri daladala, ukaniandikia saa yangu ya mkononi ya kuhesabu mazoezi inasema nimechoma kalori 700 na kitu, nizile, yani niongeze chakula cha kuzifidia, au nisizile? Na mimi kwa kujiamini kama daktari nikakujibu usile hata moja, ukizila umejirudisha ulikotoka. Nikaweka na ngumi mbili.

Sasa nisikilize. Ule ushauri haukuwa wa uongo, ila ulikuwa wa mwili wangu mimi na ujinga wangu mimi, ngoja nikuhadithie ulikotoka maana sijawahi kukwambia yote, niliona aibu.

Mwaka jana naanza kupungua nilikuwa na kilo 84 unakumbuka, ile picha ya harusi ya Kibonge niliyokuomba ufute. Nikaweka apu kwenye simu, ikaniuliza urefu, umri, uzito, na mazoezi unafanya mara ngapi kwa wiki. Nikajaza kwa mbwembwe, mara tatu hadi tano. Ikapiga mahesabu yake, ikasema ukila kalori 2,320 kwa siku utabaki ulivyo, ukitaka kupungua nusu kilo kwa wiki kula 1,820. Sawa. Nikanunua na saa. Kila jioni natembea saa nzima, saa inanipa 480, na jumamosi jogingi na lile kundi letu, ambayo jogingi yenyewe unaijua, tunakimbia mita mia mbili za kupigia picha, zilizobaki tunatembea tunateta watu. Zile 480 nikaziona kama posho. Si nimezifanyia kazi? Basi nazila. Na jumamosi ndo kabisa, jogingi ikiisha kuna supu, na supu bila chapati mbili ni maji ya moto, na chapati ya pale inavyong'aa mafuta haikosi kalori 300 kila moja, juu yake soda. Narudi nyumbani nimechoka nimeshiba, najitupa kwenye kochi hadi saa kumi, nikitaka maji namtuma Junior.

Wiki saba mizani haijasogea! Nikaanza kuisingizia mizani, nikaihamisha chooni nikaiweka koridoni, nikaisingizia tezi, nikamsingizia hadi mama mkwe na nazi yake.

Siku moja umeme umekatika, nimekaa chini jikoni na kaunta buku ya Junior na tochi ya simu, nasaka kosa. We unanijua mimi keshia, droo isipobalansi siondoki. Nikaandika 2,320, nikaandika 1,820, nikaongeza 480 nilizokuwa nazirudisha mdomoni kila siku. 2,300. Nikaitazama. Nikaijumlisha tena. Yani kumbe ile 1,820 apu ilikuwa TAYARI imeshahesabu mazoezi yangu, si niliijazia mwenyewe mara tatu hadi tano? Afu mimi naja nayahesabu mara ya pili kupitia kwenye saa. Tofauti na ile ya kubaki nilivyo ikawa kalori 20. Ishirini shosti, ni kijiko kidogo cha sukari na punje kadhaa. Nilicheka peke yangu gizani mpaka baba Junior akaja kuchungulia.

Na hiyo ni kama 480 zingekuwa za kweli, maana nazo zilikuwa hewa. Nilikuja kusoma kwamba mtu akitembea mwendo wa kawaida kwa saa moja anatumia kama kalori tatu na nusu kwa kila kilo yake, kwangu hiyo ni 290 na kidogo. Afu humo ndani toa zile ambazo ningezitumia hata ningekuwa nimelala mkekani, kama moja kwa kila kilo kwa saa, yani 84. Inabaki 200 na ushee. Saa inasema 480, kazi yenyewe 200! Na sio saa yangu tu ya kariakoo, wale wa Chuo cha Stanford Marekani mwaka 2017 walichukua saa aina saba, za bei kubwa humo humo, wakazipima kwa watu 60, mapigo ya moyo nyingi zilipatia vizuri tu, ila kwenye kalori ile iliyokuwa afadhali kuliko zote ilikosea kwa wastani wa asilimia 27 na ile mbaya kabisa asilimia 93. Asilimia 93 jamani, hilo si kosa hilo ni utabiri.

Ndo nikaapa mimi kalori za mazoezi sirudishi ng'o. Nikaacha kuzila, kilo zikaanza kushuka, nikawa mhubiri. Wewe ukaniuliza katikati ya kiherehere hicho hicho.

Lakini wewe sio mimi, na hili ndo lililoninyima usingizi. Mimi natembea. Wewe unajiandaa na kilometa 21 za Kili, zile mbio za Kilimanjaro, unapanda kile kilima cha kuelekea Mweka alfajiri. Kukimbia kuna hesabu rahisi, ni kama kalori moja kwa kila kilo ya mwili kwa kila kilometa. Una kilo 61 sio? Siku ile Happy anasema ulipanga 16. 61 mara 16 ni 976. Na ulikuwa unakula ngapi kwa siku, 1,400, uliniambia mwenyewe kwa kujisifu. Toa. 424. Hizo ndo zilizobaki za kuendesha moyo, ubongo, figo, kutembea, kupika, na kusimama mbele ya darasa la watoto tisini jumatatu. Neema, hata Junior akiwa na homa anakula zaidi ya hizo. Na mimi ndo niliyekwambia usile hata moja.

Kuna kitu kingine nimesoma kikanishtua zaidi, na ni cha hukohuko kwenu upande wa Karatu. Kuna profesa wa Marekani anaitwa Herman Pontzer, alikaa na Wahadzabe kule Ziwa Eyasi, akawapa maji maalumu wanywe afu akapima mikojo yao ili ajue kwa siku wanatumia kalori ngapi. Sasa Mhadzabe mwanaume anatembea kama kilometa 11 kila siku ya Mungu, mwanamke kama 6 na kuchimba mizizi juu. Ungetegemea wanatumia mara mbili ya mtu anayekaa ofisini si ndio? Matokeo yakatoka 2012, ukilinganisha na ukubwa wa miili yao ni karibu sawasawa na Mmarekani wa kwenye kiti! Yeye anasema mwili ukizoea shughuli nyingi unabana matumizi sehemu nyingine. Wenzake wengine wanabishana naye bado hadi leo inabana kiasi gani, lakini mimi niliposoma nikaliona kochi langu la jumamosi na Junior analeta maji.

Ila mwili wenye chakula ukibana, unabana vitu vya ziada. Wako ambao hauna hata chakula utabana wapi? Ndo nataka kukuuliza kitu na usinifiche, siku zako unaziona? Happy hakusema, nauliza mimi tu, maana wasichana wanaokimbia sana na kula kidogo ndo kitu cha kwanza kuondoka, na wanafurahi wanaona wamepumzika pedi, kumbe mifupa inalipa. Na usingizi? Nywele zinakatika? Unasikia baridi wakati wenzio wanajipepea? Kama zimeruka hata miezi miwili nenda hospitali, usisubiri mbio ziishe. Niahidi hilo, mengine tutagombana.

Shemeji wako yeye anasema mambo ya kalori ni ya kujitakia, babu yake kala ndizi na nyama hadi tisini na alikuwa mwembamba kama ufagio. Nikamwambia babu yako alikuwa anashuka na kupanda mgomba na mgomba, wewe unapanda bodaboda kwenda dukani. Tumenuniana kidogo ila yameisha.

Basi nafuta nilichosema na nakuandikia upya, bandika jikoni. Zile jogingi ndogo za nusu saa, na zile siku unatembea tu kwenda sokoni, achana nazo, usizile, saa ikwambie itakavyo. Ila siku za mbio ndefu, kuanzia saa moja kwenda juu, rudisha. Mimi nilikuwa nafikiria nusu, watu wengi wanasema nusu kwa sababu ya huo uongo wa saa, lakini kwako ambaye hesabu ni ya kilometa na sio ya saa, na 1,400 ni ndogo toka mwanzo, sijui, mi naona kalori za zile kilometa 16 zirudishe karibu zote, na hiyo 1,400 yenyewe uipandishe. Na uanze kabla ya kutoka, ndizi mbivu mbili, au uji, au hiyo chai basi iwe na sukari na kipande cha mkate, utakula saa moja kabla tumbo halitakusumbua. Ukirudi kula chakula cha mtu mzima, wali maharage, dagaa, mayai, sio tango. Tango ni maji yaliyovaa nguo.

Afu hizo kilo tatu unazotaka kutoa kabla ya mbio. Kilo moja ya mafuta ni kama kalori 7,700, tatu ni 23,100, wiki zimebaki sita, gawanya kwa siku 42 inakuja 550 za kujinyima kila siku, na hapohapo unaongeza kilometa kila wiki. Unamkamua ng'ombe na humpi majani. Kwa nini usikimbie kwanza na hizo 61 zako, ukimaliza ndo upungue taratibu machi na aprili mvua ikinyesha hakuna pa kwenda? Gauni la send-off ya Happy lina zipu ya kuongezwa, nimeshamuuliza fundi.

Na usijipime kila asubuhi, nakujua. Wiki ukikimbia sana mwili unashika maji kwenye misuli, mizani inaweza kupanda kilo nzima na sio mafuta. Mi siku hizi najipima jumatano tu, nangoja wiki nne ndo naamua nipunguze chakula au niache. Sasa hivi nina 77 na nusu, nilitaka nikwambie kwa picha lakini nimenuna.

Sasa nijibu, tena kwa kuandika sio stika. Ilikuwa mara ya kwanza kuanguka au kuna nyingine umezificha? Ulipofika nyumbani ulikula nini? Mama anajua? Huyo kocha wenu wa kundi anawauliza mmekula nini au anapiga filimbi tu? Mama wa genge umemrudishia soda yake? Jumamosi hii unakimbia ngapi, na nani? Usikimbie peke yako. Nikipata nauli nakuja siku ya mbio, nitakaa kwa Mama, nitasimama pale juu kwenye kona ya kilima na ndizi mkononi. Unataka mbivu sana au za wastani?

Mwanaidi

Ile saa nimempa Junior, inamsifia kila akifika kwenye friji.