Vitamini E katika kidonge ni dawa, na ipimwe kama dawa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nizungumzie vidonge vya vitamini E, ambavyo watu wengi huvinunua bila cheti cha daktari na kuvimeza kila siku, pengine kwa miaka, wakitumaini kulinda moyo, kulainisha ngozi au kuchelewesha uzee. Ninaandika kwa sababu shangazi yangu, anayetumia warfarini ili damu yake isigande, alivimeza kwa miezi kadhaa bila kumweleza daktari, hadi alipoanza kutokwa na damu puani mara kwa mara na kuvilia damu mikononi bila kujigonga popote. Alipoulizwa kwa nini hakusema, alijibu kwamba siku zote huulizwa dawa anazotumia, na vitamini si dawa. Simlaumu hata kidogo, kwani ndivyo tulivyozoeshwa sote kuamini.

Vitamini E yenyewe haina ubaya, na hakuna anayeweza kuishi vyema bila hiyo. Kazi yake kubwa ni kuyakinga mafuta yaliyo katika utando wa seli yasiharibiwe na oksijeni. Mtu mzima huhitaji miligramu 15 kwa siku, nayo hupatikana katika mafuta ya alizeti, lozi, karanga, mbegu na mboga za majani. Upungufu wake ni nadra, na huwapata hasa watu ambao utumbo wao haufyonzi mafuta ipasavyo, watoto njiti, na wachache waliorithi hitilafu inayolifanya ini lishindwe kuisambaza vitamini hiyo mwilini. Wagonjwa hao wasipotibiwa huharibika neva na kuanza kuyumba wanapotembea, kwa hiyo kwao kidonge si anasa.

Tatizo ni kipimo. Kidonge kilichoandikwa yuniti 400, ambacho ni cha kawaida kabisa sokoni, kina takriban miligramu 268 ikiwa vitamini yake ni ya asili, au miligramu 180 ikiwa imetengenezwa kiwandani. Anayekimeza kila siku anapata kati ya mara 12 na mara 18 ya mahitaji yake, mbali na chakula alichokula. Kwa wingi huo vitamini E huingilia kazi ya vitamini K, ambayo ndiyo inayoiwezesha damu kuganda, na pia huzifanya chembe sahani za damu, zinazokusanyika kuziba jeraha, zisishikamane kwa urahisi. Warfarini nayo hufanya kazi kwa kuizuia vitamini K hiyohiyo. Ndiyo maana yaliyomfika shangazi yangu hayakuwa ajabu kwa daktari wake alipopata habari kamili.

Wako watakaosema kwamba mtu asiyetumia dawa ya kuzuia damu kuganda hana la kuogopa. Ningewaomba wautazame utafiti ulioitwa SELECT, ulioanza mwaka 2001 na kuwahusisha wanaume zaidi ya 35,000 wa Marekani, Kanada na Puerto Rico. Matumaini yalikuwa makubwa, na yalikuwa na msingi: katika utafiti wa awali uliofanywa Finland kwa wanaume wavutaji sigara, waliopewa miligramu 50 za vitamini E walipata saratani ya tezi dume kwa uchache kuliko wenzao. Watafiti walitaka kuthibitisha kinga hiyo, lakini mwaka 2008 vidonge vilisitishwa kwa kuwa faida haikuonekana, na matokeo yaliyotangazwa mwaka 2011 yalionyesha kinyume chake. Katika kila wanaume 1,000, kwa muda wa miaka 7, waliougua saratani hiyo walikuwa 76 miongoni mwa waliopewa vitamini E peke yake, na 65 miongoni mwa waliopewa vidonge visivyo na dawa. Ongezeko hilo ni la asilimia 17, na kipimo chenyewe kilikuwa yuniti 400 tu kwa siku.

Kwa upande wa kiharusi, uchambuzi wa tafiti kadhaa uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kwamba vitamini E ilizuia kiharusi kimoja cha mshipa kuziba kwa kila watu 476, lakini ikaleta kimoja cha kuvuja damu ubongoni kwa kila watu 1,250. Mtu anaweza kudhani kwamba hesabu hiyo ina faida, ila kiharusi cha kuvuja damu kwa kawaida ndicho kinachoua zaidi. Kuhusu moyo, utafiti wa HOPE wa mwaka 2000, uliowahusisha wagonjwa zaidi ya 9,000, haukuona kinga yoyote.

Haki inanitaka niseme pia panapofaa. Kati ya watu wenye mafuta na uvimbe katika ini, wasio na kisukari, waliopewa yuniti 800 kwa siku katika utafiti uliochapishwa mwaka 2010, asilimia 43 walipata nafuu, wakati kati ya wenzao wasiopewa dawa waliopata nafuu walikuwa asilimia 19. Aidha, vitamini E ikichanganywa na vitamini C, zinki na virutubisho vingine husaidia kuchelewesha upofu kwa baadhi ya wazee ambao sehemu ya katikati ya retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, inachakaa. Lakini hao wote ni wagonjwa waliopimwa, wanaofuatiliwa na daktari.

Ombi langu, Mhariri, ni kwamba ukurasa wako wa afya unapotaja vitamini E uandike kipimo kwa miligramu, na ueleze kwamba ukomo wa usalama uliowekwa, yaani miligramu 300 barani Ulaya na 1,000 Marekani, ulitokana na hofu ya kutokwa damu na hauhusu saratani. Kipimo cha SELECT kilikuwa chini ya vyote viwili. Na kwa madaktari na wauguzi, hasa kabla ya upasuaji, naomba swali liwe hili: “Unameza nini kila siku, hata kama wewe hukiiti dawa?” Shangazi yangu angelijibu swali hilo bila kusita.

Wako,
Msomaji wa ukurasa wa afya