Buibui wa magofu si uchafu

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nijibu makala mliyoichapa hivi karibuni kuhusu nyumba za shamba za masultani wa Unguja. Mwandishi wake, baada ya kueleza vizuri historia ya Mtoni, Kidichi na Maruhubi, alimaliza kwa kulalamika kwamba magofu hayo yamejaa uchafu wa buibui na kutaka yafagiliwe yote kabla ya msimu wa wageni. Kuhusu chupa za plastiki sina ubishi naye. Kuhusu buibui, nadhani amekosea.

Nyumba hizo zilijengwa nje ya mji kwa sababu wenyewe walitaka kivuli, maji na hewa ya mashambani. Seyyid Said bin Sultan alikuwa akigawa wiki yake kati ya Mtoni na mjini, na binti yake Sayyida Salme, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844, alieleza katika kumbukumbu zake zilizochapwa mwaka 1886 jinsi tausi, paa na mbuni walivyokuwa wakitembea uani. Wanyama hao wametoweka pamoja na wenye nyumba. Buibui wamebaki, na kwa kuwa miti imesogelea kuta na paa zimeanguka, huenda leo wana nafasi kubwa kuliko wakati wowote wa enzi ya masultani.

Anayewashtua wageni zaidi ni buibui wa nyuzi za dhahabu, yule atandaye mtego wake kati ya mti na mti. Jike lake, akinyoosha miguu, hukaribia upana wa kiganja, ilhali dume ana urefu wa milimita chache tu, hata watu wengi humdhania kuwa mtoto wake. Uzi wake ni wa manjano kwelikweli, wala si mng'ao wa jua peke yake. Mtego ukichakaa, jike hula sehemu iliyoharibika na kuisuka upya, mara nyingi nusu moja kwa wakati, ili nusu ya pili iendelee kunasa nzi na panzi. Ni uzi wa jamii hiyo hiyo ya buibui, waliokusanywa Madagaska kwa zaidi ya milioni moja, uliofumwa kitambaa cha rangi ya dhahabu kilichooneshwa New York mwaka 2009 bila kutiwa rangi yoyote. Sijui ni sultani gani angekidharau.

Ndani ya hamamu ya Kidichi, yaani nyumba ya kuogea, ambayo Seyyid Said alimjengea mkewe Shehrazad wa Uajemi mwaka 1850, mambo ni tofauti. Katika pembe zenye giza za majengo ya aina hiyo hukaa buibui wembamba wenye miguu mirefu ambao, ukiwakaribia, hutikisa utando kwa kasi hadi macho yashindwe kuwaona. Hapo nakubali kwamba ufagio una kazi, maana nyuzi zilizoshika vumbi huficha nakshi za maua na ndege ambazo mgeni amelipa kiingilio ili azione. Ila afagie mtu mwenye mkono mwepesi, kwa sababu lipu ile ina zaidi ya miaka 170 na ufagio wa chelewa huikwangua.

Niongeze kwamba buibui si mdudu kwa maana ya kisayansi: ana miguu minane, hana mabawa wala vipapasio, na sumu ya hawa niliowataja haina madhara makubwa kwa binadamu.

Kwa hiyo ombi langu kwa wasimamizi wa magofu ni dogo. Wasafishe kuta za ndani, waache mitego iliyo mitini, na wawaruhusu watembezaji watumie dakika tano kuieleza. Wakati mzuri ni saa moja na nusu asubuhi, jua likiwa bado chini na umande haujakauka, kwani baada ya saa nne mtu hupita chini ya mtego wa upana wa mita nzima asiuone kabisa.

Wako,
Mwalimu mstaafu wa baiolojia,
Unguja