Tuache kuwakaririsha wanafunzi orodha za "maneno magumu"

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuseme na walimu wenzetu na wazazi wenye watoto sekondari hapa Dodoma.

Zinazunguka shuleni karatasi za kutoa nakala zenye maneno 200 au 300 ya Kiingereza yanayoitwa magumu, kila neno na tafsiri moja mbele yake. Mwanafunzi anayakariri, kisha kwenye insha anaandika kwamba mvua "perpetrated" mmomonyoko wa udongo. Karatasi ilimwambia kuwa maana yake ni kufanya. Haikumwambia kwamba neno hilo hutumika kwa uhalifu na maovu tu.

Neno hufundishwa na ukoo wake. Ufundi huo mtoto wetu anao tangu darasa la awali: kutoka "lima" anapata mkulima, kilimo na ulimaji bila kufundishwa na mtu. Tumwoneshe kwamba Kiingereza nacho kinazaa. "Erode" ni momonyoa, "erosion" ni mmomonyoko, "eroded" ni sifa ya ardhi iliyokwisha kuliwa. Mwalimu wa Jiografia akifika kwenye hifadhi ya udongo na mradi wa HADO (Hifadhi Ardhi Dodoma), ulioanza mwaka 1973 na kushughulikia makorongo ya Kondoa, aandike maneno hayo matatu ubaoni kwa pamoja, halafu aongeze yale yanayofuatana nayo: "soil erosion", "severe erosion", "control erosion". Dakika tano zinatosha, na darasa zima linaondoka na maneno yanayoweza kuingia kwenye sentensi.

Wengi hudhani maneno marefu ndiyo yanayowaangusha watoto. Sivyo. Yanayowaangusha zaidi ni mafupi wanayodhani wanayajua. "Work" mtaani ni kazi, lakini kwenye Fizikia ni kani mara umbali, na anayesukuma ukuta usiosogea, hata akitoka jasho, hajafanya "work" yoyote. "Solution" ni jawabu kwenye Hisabati, myeyusho kwenye Kemia. "Product" ni zao la kuzidisha, au kinachotokana na mmenyuko, au bidhaa, kutegemea ni kipindi cha nani. Kwa hiyo maana iandikwe pamoja na jina la somo, kila mara. Hali ni hiyo hiyo kwa maneno yanayoagiza kwenye mtihani: "account for" inataka sababu, si hesabu wala maelezo ya jinsi kitu kilivyo, "distinguish" inataka pande zote mbili, na aliyeeleza upande mmoja hajajibu swali.

Waanzie wapi? Kidato cha kwanza washughulike na maneno ya kawaida kama 2,000 ya Kiingereza. Baada ya hapo ipo orodha ya maneno ya kitaaluma iliyotolewa mwaka 2000 na Averil Coxhead wa New Zealand. Ina koo 570 za maneno, zimepangwa katika makundi kumi kufuata wingi wa kutumika, na ndizo zinazobeba karibu asilimia 10 ya maneno ya maandishi ya kitaaluma. Kundi la kwanza lina "analyse", "define", "factor", "vary" na mengine ambayo Biolojia, Historia na Uraia vyote vinayahitaji. Koo nane kwa wiki zinamalizika kwa wiki 72, chini ya miaka miwili ya masomo. Anayeanza mwanzoni mwa kidato cha pili atakuwa amezipitia zote kabla ya kuingia cha nne. Anayepewa maneno 40 kwa wiki hatabaki na hata hayo manane.

Daftari liwe kaunta buku, ukurasa mmoja kwa maneno mawili. Kila neno liandikwe ukoo wake, maana kwa Kiswahili katika somo husika, maneno mawili yanayoandamana nalo, sentensi moja iliyonakiliwa kitabuni na moja aliyoitunga mwenyewe. Apige mstari chini ya silabi yenye mkazo. Kiswahili huweka mkazo silabi ya pili kutoka mwisho, na watoto wetu huuhamishia hapo: "communicate" wanaikaza kwenye "ca" badala ya "mu", kisha wakilisikia neno lenyewe redioni hawalitambui.

Marudio yafanyike usiku ule ule, siku ya tatu, siku ya saba, halafu baada ya wiki tatu. Afunike Kiingereza, asome Kiswahili, alitaje neno na kuliandika. Wengi hufanya kinyume, na ndiyo maana neno hulitambua kitabuni lakini halimjii akishika kalamu. Hapo mzazi asiyejua Kiingereza anafaa kabisa: ashike daftari, asome maana ya Kiswahili, mtoto ajibu.

Tahadhari moja kwa walimu: maneno yanayofanana yasifundishwe siku moja, kwani hugandana. Wiki hii fundisha "adapt" kwa mbuyu, unaohifadhi maji shinani na kupukutisha majani wakati wa kiangazi. "Adopt" isubiri wiki tatu, ije na mkulima anayeanza kutumia mbegu ya mtama inayokomaa mapema.

Tunajua kuna shule zenye kibao cha kukataza Kiswahili, na mwalimu wa Sayansi anaogopa kutamka hata neno moja la Kiswahili darasani. Mtoto aliyemaliza shule ya msingi ya Kiswahili anajua usanisinuru ni nini na majani yanahitaji nini. Anachokosa ni jina la Kiingereza tu. Kumnyima daraja hilo ni kumfanya aanze upya jambo analolijua, na tunawaomba wakuu wa shule waruhusu Kiswahili cha dakika mbili mwanzoni mwa kila mada mpya. Walimu wa masomo nao, kila Ijumaa, wampe mwalimu wa Kiingereza maneno manne au matano ya mada za wiki ijayo, ayafundishe kabla hawajaingia darasani.

Walimu wa Kiingereza, sekondari,
Dodoma