Mwanangu, mtu asishuke shimoni

Mwanangu Hamisi,

Tangu ulipokata simu jana sijapata usingizi. Chemba kufurika na choo kurudisha maji, hayo yana dawa yake. Lililonikosesha usingizi ni lile ulilolisema juujuu, kwamba kuna kijana hapo mtaani atashuka kwenye shimo la maji machafu azibue kwa shilingi 30,000. Asishuke. Wala wewe usishuke.

Mle shimoni kuna hewa inayotoka kwenye uchafu unaooza. Ikiwa kidogo inanuka yai viza. Ikizidi, pua inakufa ganzi na harufu inapotea, mtu akadhani pameshakuwa salama. Anavuta pumzi mbili tatu, anaanguka. Aliye juu anaona mwenzake kaanguka, anaruka kumwokoa, naye anabaki humohumo. Ndiyo maana habari za namna hii mara nyingi huja na maiti zaidi ya moja. Kitambaa puani hakisaidii. Kuacha mfuniko wazi tangu asubuhi nako hakutoshi.

Tena kwa nilivyokuelewa, tatizo lako huenda haliko shimoni kabisa. Fungua chemba zote kuanzia ya jikoni. Ukikuta moja imejaa na inayofuata ni kavu, basi palipoziba ni kwenye bomba la kati ya hizo mbili. Muite fundi bomba mwenye fimbo za kuzibulia, aziingize akiwa amesimama juu, na glovu na buti avae. Azungushe kulia muda wote. Akizungusha kushoto fimbo zinafunguka, kipande kinabaki ndani ya bomba, na hapo mtachimba. Zikiwa zimejaa zote mpaka ya mwisho, huenda shimo ndilo limejaa, ita gari la kunyonya. Gari linashusha mpira, halishushi mtu.

Dawa za kuzibulia msimwage hovyo. Kostiki ikikutana na maji inachemka, na fundi atakayekuja na fimbo baadaye itamrukia machoni. Klorini ya kufulia msiichanganye na asidi ya kusafishia choo, hewa yake nayo ni sumu.

Nyumba umeijenga mwenyewe na hapa Korogwe kila ninapokaa naisema. Lakini bomba la nje nilikwambia ulipime kwa pima maji kabla hawajalifukia, ukanijibu fundi anajua. Bomba la inchi 4 linataka lishuke kama sentimita 2 na nusu kwa kila mita. Likilala, maji yanakwenda polepole na uchafu unatulia chini. Siku fundi akiwepo, pimeni. Na ule mwarobaini wa karibu na chemba ukate, hata kama niliupanda mimi. Mizizi inafuata maji na inapenya kwenye maungio.

Mwambie mkamwana, kwa heshima, mafuta ya kukaangia asiyamwage kwenye sinki. Yanaganda bombani, halafu punje za wali na majani ya chai vinanata hapo hapo. Ayaweke kwenye kopo, yakipoa ayatupe na taka. Nepi na pedi zisiingie chooni, hata zile zilizoandikwa kwamba zinayeyuka.

Masika yakianza, usiwafuate wanaotapisha vyoo, wanaoufungulia uchafu utoke nje mvua ikinyesha. Maji yale yanapita milangoni kwa watu, watoto wanayakanyaga, na kipindupindu Dar mnakijua.

Mfuniko wa chemba ya nyuma umepasuka, niliuona nilipokuja. Mjukuu wangu sasa anatembea. Uweke mwingine leo, wa zege, mzito, ambao mtoto hawezi kuusogeza.

Mama yako goti linamsumbua tena ila shambani anakwenda, hasikii. Mahindi tumevuna, gunia lenu nitalipakia kwenye basi Ijumaa, uende kulipokea stendi mwenyewe maana mara iliyopita lilifika pungufu. Yule mbuzi mweupe kazaa mapacha. Mabati ya jikoni bado yanavuja, nasubiri fundi.

Hela ya gari la kunyonya nimekutumia kwenye simu asubuhi hii. Isinunue kitu kingine. Na yule kijana mpe hata kazi ya kufukia mtaro apate chochote, mradi shimoni asishuke. Nipigie mkishamaliza, hata iwe usiku.

Baba yako